Mshale na Cherehani Mbili

Hospitali nzima ilimwita Mshale, na yeye alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea cheo. Alikuwa karani wa mali. Kila kitanda, kila mizani, kila feni na kila kiti cha magurudumu kilikuwa kwanza kwenye kompyuta yake, ndipo kikaruhusiwa kuwa duniani. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido ya chini, baada ya chumba cha mitungi ya oksijeni, mkabala na choo kilichokuwa kwenye matengenezo kwa mwaka wa tatu. Ukutani, pale ambapo makarani wenzake walitundika kalenda, yeye alitundika mchoro.

Mchoro ulikuwa na visanduku sita na mishale saba, yote kwa rula, na juu yake plastiki ngumu mbele na nyuma. Alimweleza kila aliyeingia mle kwa bahati mbaya akitafuta choo. Kila kitu cha hospitali, alisema, kina hali moja kwa wakati mmoja. Kikiingia kinakuwa Rasimu. Kikikaguliwa, Imesajiliwa. Kikipelekwa wodini, Inatumika. Kikiharibika, Inatengenezwa, kikiwa kizima ila hakihitajiki, Akiba, na kikifika mwisho wa safari, Imeondolewa. Hali ndiyo inayosema kitu kifanyiwe nini. Kilicho Rasimu hakitoki stoo. Kilicho Inatengenezwa hakipewi mafuta wala sindano wala balbu, kwa sababu kilicho kwa fundi hakifanyi kazi. Kilicho Imeondolewa hakifanyiwi lolote. Kinasubiri lori la mnada.

"Na hii mishale?" mgeni angeuliza kwa adabu, huku amebana miguu.

"Mishale ndiyo njia. Kama hakuna mshale, hakuna njia."

Zamani mishale ilikuwa minane. Ule wa nane ulitoka Imeondolewa kurudi Inatumika, na watu waliutumia kama mlango wa uani. Jokofu moja la maabara liliondolewa mara nne na kufufuka mara tano, hesabu ambayo wakaguzi waliomba waelezwe tena taratibu. Mshale aliandika barua ya kurasa tatu kwenda makao makuu, akiomba mshale ule ufutwe. Ukafutwa. Siku hiyo ndiyo aliyochora mchoro mpya na kuutia plastiki, na wanaomjua wanasema hawajawahi kumwona mwenye furaha namna ile, hata siku ya harusi yake. Mkewe, aliyekuwepo siku zote mbili, hapingi.

Mke huyo alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye ulimi mwepesi na muda wa kutosha wa kuutumia. Lugha ya mfumo alijifunza yote, si kwa sababu aliipenda, bali ili ampate nayo mumewe vizuri.

"Baba watoto, hili shati limekaa Akiba mwaka wa tisa sasa. Nilipandishe lori?"

"Liache. Bado lina kola nzuri."

"Kola ni kipuri. Tutaitoa, tuitunze peke yake."

Mshale alikuwa anakula, akaendelea kula. Shati lilirudi kabatini, nalo bila shaka lilijua hali yake.

Sasa, ng'ambo ya ua, kulikuwa na chumba cha mashuka. Kilipakana na dobi, kwa hiyo mvuke uliingia humo asubuhi na kutoka jioni, na sakafu haikukauka ila siku za sikukuu. Humo alifanya kazi fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea na pini nne kwenye ukosi wa gauni lake. Yeye ndiye aliyezishona shuka zilizochanika, akapunguza gauni za wagonjwa waliokonda na kutia viraka kwenye vitambaa vya chumba cha upasuaji. Alikuwa na cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu. Moja ilishona. Nyingine ilikaa kona, imebeba marobota ya foronya kifuani kama mtumishi aliyesahauliwa.

Saa saba kasoro kila siku, fundi aliifunika cherehani yake kwa kitambaa, akavuka barabara, akaenda mtaa wa nyuma kumlisha mama yake mzazi. Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka, kijiko hakikufika mdomoni salama. Saa nane kasoro robo fundi alikuwa amerudi. Kwa miaka sita hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuomba ruhusa, kwa sababu ruhusa nayo ingekuwa na fomu.

Jumatatu moja aliomba sindano na mafuta ya cherehani. Alifanya hivyo kila mwezi: aliandika kikaratasi, "Cherehani namba 15, sindano pakiti moja, mafuta chupa moja," akampelekea mtunza stoo. Lakini mwezi huo mtunza stoo alikuwa amepewa bunduki. Ndivyo walivyokiita kile kifaa cha kusoma mabamba ya namba, na agizo jipya lilisema hakuna kinachotoka stoo mpaka bamba la kitu kinachoombewa lipigwe bunduki. Mtunza stoo akaja mwenyewe chumba cha mashuka, akapiga goti kwenye sakafu iliyolowa, akalenga bamba dogo la bati lililopigwa ripiti ubavuni mwa meza ya cherehani, chini kabisa, mahali ambapo fundi hakuwa ameangalia tangu mgongo wake uanze kumuuma.

Bunduki ikalia. Mtunza stoo akasoma kioo chake, akasoma tena.

"Fundi, pole sana."

"Pole ya nini?"

"Cherehani yako hii ni namba kumi na nne. Imeondolewa."

Fundi aliitazama cherehani, mguu wake mwenyewe ukiwa bado juu ya pedeli. "Imeondolewa ikaenda wapi? Si hii hapa ninashona."

"Kwenye mfumo imeondolewa tangu mwezi jana. Inasubiri lori la Ijumaa."

"Na ile pale kona?"

Mtunza stoo aliondoa robota moja, akapiga. "Hii ndiyo kumi na tano. Hii ni Inatumika. Hii ina afya kabisa. Naweza kukupa sindano, mafuta, hata mkanda mpya. Nikupe?"

"Nipe basi."

"Utavitumia kwenye cherehani ipi?"

"Kwenye hii ninayoshonea."

"Basi siwezi," alisema, akasimama, magoti yake yameloa maji ya dobi. Alikuwa mtu mzuri, na jambo hilo lilimuuma. Lakini bunduki ilikuwa bado mpya.

Fundi alivuka ua akiwa na pini zake, akaingia ofisini kwa Mshale bila kubisha.

"Bwana Mshale, umeniulia cherehani."

Mshale alifungua kompyuta. Ilikuwa kweli. Cherehani namba 14, hali: Imeondolewa. Tarehe ya mwezi jana, na aliyeidhinisha ni yeye. Akakumbuka. Alikuwa anazunguka kwa ukaguzi wa mwaka, alipita chumba cha mashuka siku ambayo chumba cha upasuaji kilikuwa kinadai vitambaa, na fundi alikuwa na pini mdomoni.

"Nilikuuliza, mbovu ni ipi. Ukasema kumi na nne."

"Ndiyo. Mbovu ni kumi na nne. Ya kona. Ni mbovu tangu zamani."

"Ya kona ni kumi na tano."

"Ya kona ni kumi na nne. Mimi nashonea kumi na tano, miaka kumi na tisa sasa. Kila mwezi naandika kumi na tano. Wewe ndiye unayezipokea hizo karatasi."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na ndiyo maana mazungumzo yalichukua dakika ishirini.

"Sawa," fundi alisema mwishowe. "Na siku ile mbona hukupiga bunduki?"

Swali lilikuwa fupi, na lilimgusa Mshale pabaya. Alikuwa na bunduki kabla ya mtunza stoo, na yeye ndiye aliyeandika kanuni ya kuipiga. Aliiandika kwa herufi nene.

"Haikuwa na chaji," alisema.

Fundi hakucheka. Alikuwa anafikiria jambo jingine, na Mshale alilijua jambo lenyewe. Ijumaa lori lingechukua cherehani inayoshona. Ingebaki ile ya kona, ambayo haijashona tangu mama wa watoto wa kliniki ya leo walipokuwa watoto wenyewe. Na fundi asiye na mashine huhamishiwa mahali mashine iliko. Mwaka uliopita fundi magodoro alipelekwa tawi la mbali, saa tatu kwa basi, na ombi la mashine mpya lilikuwa bado Rasimu. Fundi cherehani alibakiza miaka miwili astaafu. Tawi lile lilikuwa na cherehani tatu na halikuwa na mama yake.

"Nani atamlisha?" aliuliza. Hakutaja nani, na Mshale hakuuliza.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema Mshale.

"Ijumaa ndiyo siku ya lori."

"Basi nipe mpaka Alhamisi."

Jumanne asubuhi alipiga simu makao makuu, kwa mwanamke aliyeujua mfumo kuliko waliouleta. Hawakuwahi kuonana. Yeye alimwita Dada wa Mfumo, naye alimwita mzee wangu, na katika miaka mitano walikuwa wamesalimiana vizuri mara nyingi.

"Dada, nina kitu kimoja kimeingia Imeondolewa kwa makosa. Nataka kukirudisha Inatumika."

"Haiwezekani, mzee wangu. Hakuna mshale."

"Najua hakuna mshale."

"Ulikuwepo. Kuna mtu aliandika barua ya kurasa tatu ufutwe. Ninayo hapa, tunaitumia kufundishia wageni. Nikusomee ukurasa wa pili?"

"Hapana, asante."

"Anasema kitu kilichoondolewa kikiruhusiwa kurudi, basi hakuna kitu kilichowahi kuondoka. Maneno mazuri sana. Tumeyabandika ukutani."

Mshale alikohoa. "Huo mshale unaweza kurudishwa?"

"Kwa ombi la mabadiliko. Unaliandika linakuwa Rasimu, unaliwasilisha, linakaguliwa, kamati inaidhinisha. Kamati inakaa kila baada ya miezi mitatu. Imekaa wiki iliyopita." Vidole vyake vikasikika kwenye kibodi. "Halafu, mzee wangu, kwa vitu vya hospitali yenu mkaguzi wa kwanza wa maombi ni wewe. Na kuna kanuni kwamba mtu hakagui ombi lake mwenyewe."

"Hiyo nayo niliiomba mimi."

"Ukurasa wa tatu," alisema Dada wa Mfumo, kwa upole.

Jumatano mtunza stoo alikuja na wazo. Alifunga mlango kwanza, jambo ambalo peke yake lilimtia Mshale wasiwasi.

"Mzee, yale mabamba yana ripiti nne nne tu. Mimi nina drili. Dakika kumi, kumi na nne inakwenda kona, kumi na tano inakuja kwa fundi. Nani ataona?"

Mshale alimtazama kana kwamba ameshauri wabadilishane vitambulisho vya watoto wachanga wodi ya wazazi.

"Namba ndiyo kitu chenyewe," alisema. "Leo ukihamisha namba ya cherehani, kesho watahamisha ya jokofu, keshokutwa nitakuwa nahesabu mabamba."

"Si ndivyo unavyofanya sasa?"

"Toka."

Mtunza stoo akatoka, lakini aliacha drili juu ya meza, kwa bahati mbaya au kwa huruma. Mshale aliiangalia mpaka saa ya kutoka. Mtu mwingine angekuwa ameinuka tayari. Yeye alichofanya ni kupiga bunduki bamba la drili ili aone hali yake. Ilikuwa Akiba. Haikupaswa hata kuwa imetoka stoo.

Nyumbani hakula vizuri, na mkewe aliona, maana kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuona nani hajala.

"Nani amekufa?"

"Cherehani."

Akamweleza yote, kuanzia bunduki hadi ukurasa wa tatu. Mkewe alisikiliza akichambua mchele, na hadithi ilipofika kwenye ripiti aliinua uso.

"Ngoja. Fundi anasema yake ni kumi na tano. Bamba linasema kumi na nne. Bamba limepigwa wapi?"

"Kwenye meza. Ubavuni."

"Na yeye anaposema cherehani, anasema meza?"

"Cherehani ni cherehani."

"Haya. Mimi ukikichukua kichwa changu ukakifunga kwenye mwili wa dada yangu, na chake ukakileta kwangu, jioni utarudi nyumbani kwa nani?"

Mshale alilifikiria swali hilo kwa uaminifu wote, na hapo ndipo alipokosea.

"Itategemea namba iko wapi."

Mkewe aliweka ungo chini ili acheke vizuri. Alicheka mpaka akatoa miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama mumewe, akaanza tena. Alipotulia alisema, "Kesho nenda ukaangalie kichwa, baba watoto. Usiangalie bamba. Angalia kichwa."

Alhamisi asubuhi Mshale alivuka ua. Alichukua tochi, kitambaa, bunduki iliyojaa chaji na bisibisi ambayo aliiombea fomu. Fundi alikuwa anashona. Sindano yake ilikuwa butu, ilitoboa shuka kwa kelele kama mtu anayetafuna karanga, lakini alishona, maana wodi hazikujua habari za mishale.

"Nyanyua mkono kidogo," Mshale alisema.

Alifuta uso wa cherehani. Nyuma ya kichwa, chini ya ukoko wa mafuta ya miaka mingi, palikuwa na namba iliyopakwa kwa rangi nyeupe na brashi, mwandiko wa mtunza stoo wa zamani aliyestaafu kabla kompyuta haijaletwa. Kumi na tano. Akaenda kona, wakashusha marobota wote wawili, akafuta kichwa kile kilichoganda. Kumi na nne, mwandiko uleule.

Fundi alikaa kwenye kiti chake taratibu.

"Tulibadilisha," alisema. "Ee. Nimekumbuka. Kichwa cha kumi na nne kiliganda gia, na meza ya kumi na tano ilivunjika mguu. Zote mbili zikawa nusu nzima. Tukafungua vichwa, kizima tukakiweka kwenye meza nzima. Siku hizo hakukuwa na fomu ya kitu kama hicho. Alikuja mmoja wa stoo akanishikia upande wa pili, maana vichwa ni vizito."

"Nani?"

"Kijana mmoja mwembamba. Alivaa shati lenye kola kubwa, alijisikia kweli. Alikiangusha kichwa kwenye kidole chake cha mguu, akalia."

Mshale alitazama kiatu chake cha kushoto. Ukucha wa kidole kikubwa haukuwahi kuota sawasawa, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameamini kwamba ni kwa sababu ya kucheza mpira.

"Sikulia," alisema.

"Ulilia, bwana Mshale. Nilikupa kipande cha bendeji. Hilo shati unalo bado?"

"Lipo Akiba."

Mvuke wa dobi ulipita katikati yao. Kisha uso wa Mshale ulianza kubadilika, na mtu asiyemjua angedhani anaumwa. Alikuwa anasoma mchoro kichwani, kisanduku kwa kisanduku. Kumi na nne imeondolewa. Kilichoondolewa hakinyofolewi kipuri. Kanuni hiyo aliiandika mwenyewe pia. Lakini kichwa hiki kilichokaa juu ya kumi na nne hakikuwa kipuri chake. Kilikuwa cha kumi na tano, na namba kilikuwa nayo. Kukirudisha kwa mwenyewe hakukuwa kunyofoa. Na kumi na tano ilikuwa Inatumika, tena yenye afya kabisa, inayostahili sindano, mafuta na mkanda mpya.

"Fundi," alisema polepole, "mfumo haujakosea."

"Haujakosea?"

"Kumi na nne ni mbovu, imeondolewa. Kumi na tano ni nzima, inatumika. Yote ni sawa. Kilichokosea ni hiki chumba."

"Kumbe kosa ni la chumba," fundi alisema. "Na mimi nikadhani ni la mtu aliyekuja bila chaji."

Mshale aliinama kutafuta bisibisi, na alitumia muda mrefu kidogo kuitafuta kuliko ilivyohitajika.

Walifungua skrubu za nyuma, wakatoa mikanda. Kichwa kizima walikibeba wawili, fundi akimwambia kila hatua aangalie miguu yake. Kufika saa sita kichwa cha kumi na tano kilikuwa juu ya meza ya kumi na tano, na kile kilichoganda kilikuwa juu ya meza ya kumi na nne. Mtunza stoo aliitwa. Alipiga bunduki, akasoma, akapiga tena, akamtazama Mshale kwa heshima mpya kabisa.

"Mzee, ulitumia ile drili?"

"Drili iko Akiba," alisema Mshale. "Irudishe stoo."

Sindano zikatoka. Mafuta yakatoka. Mkanda mpya ukatoka, na mchana wote fundi aliutumia kusafisha na kupaka mafuta, hakushona.

Ijumaa lori lilikuja saa tatu. Msimamizi wa mnada alipiga kumi na nne, kioo kikamkubalia, kisha akapitisha kiganja juu ya meza. Ilikuwa meza nzuri, ya mbao nzito, na ukingo wake wa kushoto ulikuwa umelika na kung'aa pale mkono wa fundi ulipolala miaka kumi na tisa.

"Mbona mnaitupa? Meza kama hii hamtaipata tena."

Fundi alimtazama Mshale. Ukweli ni kwamba na Mshale alimtazama fundi, na kwa muda ule mfupi, ikiwa kuna mtu duniani aliyeutaka ule mshale wa nane, ni yeye aliyeufuta.

"Imeondolewa," alisema.

Fundi aliisindikiza meza hadi langoni, mkono wake juu ya ukingo, kama mtu anavyomsindikiza mgeni. Watu wa lori walipoinyanyua alivuta droo, akatoa vifungo vitatu na kipande cha chaki, akairudisha ndani taratibu ili isianguke njiani.

Kisha akarudi kushona, na hapo ikajulikana kwamba meza ya kumi na tano, kwa miaka yote ile pale kona, haikuwa imeota mguu mpya. Ilichechemea. Kila alipokanyaga pedeli meza iliinama, na mshono ulitoka umepinda kama njia ya mbuzi. Mshale aliona akiwa amesimama mlangoni.

"Naweza kuipeleka Inatengenezwa," alisema. "Karakana watatia mguu."

"Karakana wanakaa na kitu muda gani?"

"Wiki kumi na moja."

"Na ikiwa Inatengenezwa nitapewa sindano?"

"Hapana."

"Na mimi nitakuwa nina mashine, au sina?"

Mshale alienda kutafuta kitu cha kuegemeza. Waliweka boksi la glavu lililokunjwa chini ya mguu. Kufika saa tano lilikuwa limelowa, limekuwa uji. Wakaweka kitambaa, kikateleza. Wakaweka kipande cha mbao, na sabuni ya dobi ilikipeleka mpaka chini ya kabati. Sakafu ile haikutaka kitu kinachonywa maji, na haikutaka kitu kinachoteleza.

Mshale aliondoka. Wale waliokuwa koridoni wanasema alipita haraka, na mgonjwa mmoja aliyemuuliza choo kiko wapi alijibiwa mara moja, kwa maneno mawili, bila maelezo yoyote. Aliporudi alikuwa amebeba mchoro kwapani. Aliukunja mara moja, plastiki ikalia. Akaukunja mara ya pili kwa goti. Mara ya tatu ilibidi mtunza stoo aukalie. Kisha akapiga magoti kwenye maji, yeye na suruali yake ya kazi, akausukuma chini ya mguu wa meza. Ulitosha. Kisanduku kimoja kilibaki kimechungulia nje, na hakikuwa kile cha mwisho, Imeondolewa.

Fundi alikanyaga. Meza ilitulia. Mshono ulitoka umenyooka kwenye ukingo wa shuka, mkono mzima, mikono miwili, mitatu.

"Huo mchoro ulikuwa na bamba la namba?" aliuliza, macho kwenye sindano.

Mshale alikuwa bado kwenye magoti. Alifikiri, na alipopata jibu uso wake ulimshuka kidogo. Miaka mitano, na hakuwahi kuusajili.

"Hauna."

"Basi haupo," alisema fundi, akakata uzi. Ilikuwa saa saba kasoro. Aliifunika cherehani kwa kitambaa, akachukua miwani ya barabarani, akamruka Mshale pale chini alipokuwa, akavuka kwenda kumlisha mama yake.